Jua Limekuchwa, Mbona Bado Kweupe?

Mwanga wa baada ya jua kuchwa ni kazi ya hewa. Jua lenyewe limeshapita chini ya upeo wa macho na miale yake haitufikii tena sisi tulio ardhini, lakini bado inaipiga hewa iliyo juu yetu. Hewa hiyo, kwa kuwa iko juu, inaliona jua ambalo sisi hatulioni. Inaupokea mwanga wake, inautawanya kila upande, na sehemu yake inatushukia. Ondoa hewa, na Magharibi yote inatoweka. Mwezini ndivyo ilivyo: wanaanga wa Apollo waliotua huko kati ya mwaka 1969 na 1972 walifanya kazi juani, ardhi inang'aa mbele yao, na mbingu juu ya vichwa vyao nyeusi tititi. Huko hakuna kipindi cha katikati baina ya mchana na usiku.

Sisi tunacho, na sura hii inakihusu. Ni kipindi kifupi, tena cha pilikapilika: watoto wanaitwa ndani, vibatari na balbu vinawashwa, muadhini anapanda, mchuuzi wa mihogo anapuliza makaa. Labda ndiyo sababu hatukitazami. Lakini kina mipaka yake iliyopimwa, na kila mtu aliyekihitaji kwa shughuli yake, nahodha, rubani, hakimu, fakihi, mfalaki, aliuchora mpaka wake mahali tofauti. Ukimuuliza kila mmoja wao usiku unaingia lini, utapata majibu matano, na yote ni sahihi.

Kwanza tuondoe uzushi mmoja. Vitabu vingi vya wasafiri wa Ulaya vilidai kwamba kwetu tropiki hakuna machweo: jua likizama, giza limeshaingia. Madai hayo yamerudiwa hata yakaingia kwenye vitabu vya shule. Hesabu inayakataa. Dunia inajizungusha digrii 15 kwa saa, kwa hiyo jua huonekana likishuka digrii moja kila dakika nne. Karibu na ikweta, mwezi Machi na Septemba, linashuka wima kabisa. Hata hivyo, kuanzia ukingo wake wa juu unapozama mpaka jua lifike digrii 6 chini ya upeo wa macho, zinapita dakika 21 hivi. Juni na Desemba zinaongezeka kidogo, zinakaribia 23. Giza kamili linahitaji zaidi ya saa nzima: kati ya dakika 69 na 75. London mwezi Juni jua linashuka kwa mshazari, kama mtu ashukaye kilima kwa njia ya kuzunguka, na zile digrii 6 za kwanza zinachukua karibu dakika 47. Mtu aliyezoea dakika 47 akiletewa 21 ataona ameibiwa. Lakini dakika 21 si kitu cha kuitwa hakuna.

Tena sisi wa pwani tuna bahati ambayo wengi wetu tunaipa mgongo. Jioni kila mtu anatazama magharibi, kwenye rangi. Mtu wa Forodhani, Unguja, ana haki, maana jua lake linazama baharini. Lakini aliye Coco Beach jijini Dar es Salaam, au Nyali kule Mombasa, bahari yake iko mashariki, na mashariki ndiko kwenye jambo kubwa zaidi. Dakika chache baada ya jua kuchwa, siku isiyo na mawingu, tazama pale maji yanapokutana na mbingu. Utaona utepe wa rangi ya samawati iliyofifia, karibu na kijivu, umelala juu ya bahari kutoka kusini mpaka kaskazini. Juu ya utepe huo kuna mwingine, wa waridi. Ule wa chini ni kivuli cha Dunia. Ni kivuli chetu sisi sote, cha milima, miji na maji, kimeangukia hewani upande ulio kinyume na jua. Ule wa waridi, ambao wanafalaki huuita Ukanda wa Zuhura, ni hewa ambayo bado inapigwa na miale ya mwisho, miale iliyokwisha kupoteza rangi zake za buluu njiani.

Kivuli hicho hakitulii. Mwanzoni kinapanda kama digrii moja kila dakika nne, sawasawa na jua linavyoshuka upande wa pili, kisha kinazidisha mwendo. Nyosha mkono mbele yako ukunje ngumi: upana wa ngumi hiyo angani ni kama digrii 10. Kabla kivuli hakijafika hapo, ukingo wake umeshafifia na waridi limeyeyuka. Mbele ya macho yako usiku umepanda kutoka baharini. Mimi naona ni kosa kubwa kwamba somo la jiografia linalofundishwa shule zilizo mita mia chache kutoka ufukweni linachora kivuli cha Dunia ubaoni, wakati wa kupatwa kwa mwezi tu, ilhali wanafunzi wangeweza kukiona chenyewe jioni yoyote ya kweupe.

Rangi ya anga utosini nayo ina siri yake. Tangu Lord Rayleigh alipolieleza jambo hili mwaka 1871, tunajua kwamba hewa hutawanya mwanga wa buluu zaidi kuliko mwekundu, na ndiyo maana mbingu ya mchana ni ya buluu. Lakini hesabu hiyo peke yake, ukiipeleka kwenye saa ya machweo, inashindwa. Mwanga unaopita kwa mlazo umesafiri njia ndefu mno hewani, buluu yake nyingi imekwisha kutawanyika, na anga la utosini lingepaswa kuwa la kijivu na baadaye la manjano. Haliwi hivyo. Linazidi kuwa buluu, buluu iliyokolea kuliko ya mchana. Mwaka 1953 Mmarekani Edward Hulburt alionyesha sababu: ni ozoni. Gesi hiyo iliyo juu sana angani hunyonya mwanga wa rangi ya chungwa na manjano, ikaiacha buluu ipite. Jua likiwa juu, ozoni huchangia kidogo mno. Jua likiwa linazama, kwa hesabu ya Hulburt, ozoni inawajibika kwa karibu theluthi mbili ya buluu ya utosini. Kwa hiyo tabaka lile lile linalotukinga na miale mikali ya jua ndilo linalotia rangi jioni zetu.

Macho pia yanabadilika wakati huo. Mchana tunaona kwa seli za jicho zinazotambua rangi. Usiku tunatumia nyingine zisizojua rangi ila zenye usikivu mkubwa wa mwanga hafifu, na hizo huvutwa zaidi na upande wa kijani na buluu. Jioni aina zote mbili zinafanya kazi kwa pamoja. Tundika uani kanga mbili, nyekundu na ya buluu, zenye mng'ao sawa mchana. Jua likishakuchwa, utaona ile nyekundu inaanza kuwa nyeusi huku ya buluu bado inaonekana wazi, hata ikaonekana kama imezidi kidogo kung'aa. Mcheki Jan Purkinje alilieleza jambo hili mwaka 1819, na jina lake limebaki nalo mpaka leo.

Sasa mipaka. Wa kwanza uko kwenye digrii 6, nao huitwa mwisho wa utusitusi wa kiraia. Mpaka hapo, siku ya kweupe, mtu aliye nje anaweza kufanya kazi zake bila taa. Mwanga wakati jua linazama ni kama luksi 400; jua likifika digrii 6 umeshuka mpaka luksi 3 na kitu, ambao bado ni zaidi ya mara kumi ya mbalamwezi. Kanuni za kimataifa za usafiri wa anga zimeuchukua mpaka huu: kwa rubani, usiku ni muda ulio kati ya mwisho wa utusitusi wa kiraia wa jioni na mwanzo wa ule wa asubuhi. Rubani wa ndege ndogo anayeelekea kwenye kiwanja cha changarawe kisicho na taa anazijua zile dakika 21 kwa moyo.

Mahakimu walikuwa na kipimo chao. Katika sheria ya zamani ya Uingereza, kuvunja nyumba usiku lilikuwa kosa zito kuliko kuivunja mchana, na ikabidi waulizane usiku ni nini. William Blackstone, katika juzuu ya nne ya kitabu chake cha sheria cha mwaka 1769, alieleza kanuni iliyokuwapo: kama mwanga wa jua uliobaki unatosha kuutambua uso wa mtu, huo si usiku, na mbalamwezi haihesabiwi. Ni kanuni ya kibinadamu sana, uso kwa uso. Sheria ya Kenya haitumii uso bali saa: Kanuni ya Adhabu ya Kenya inasema usiku ni kuanzia saa kumi na mbili na nusu jioni hadi saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Karibu na ikweta saa hizo hazipishani sana na jua. Nairobi, tofauti kati ya machweo ya mapema kabisa na ya kuchelewa kabisa mwaka mzima ni nusu saa hivi. Jaribu kuziweka saa hizohizo London, ambako Desemba jua linazama kabla ya saa kumi jioni na Juni linazama baada ya saa tatu usiku.

Mpaka wa pili, digrii 12, ni wa mabaharia. Nahodha anayepima nyota kwa sekstanti anahitaji vitu viwili kwa wakati mmoja: nyota iliyokwisha kutoka, na mstari wa upeo wa bahari ambao bado unaonekana. Mapema mno, nyota hakuna. Akichelewa, bahari na mbingu zimekuwa kitu kimoja. Kazi yake yote ya jioni inafanyika katika dirisha hilo dogo, na kwetu ni la kama dakika 25 tu. Kabla ya sekstanti, mabaharia wa Bahari ya Hindi walitumia kamali, kibao cha mti chenye uzi uliofungwa mafundo, unaoumwa kwa meno huku kibao kikilinganishwa na upeo na nyota. Ahmad ibn Majid, bingwa wa elimu hiyo katika karne ya 15, ambaye mojawapo ya tungo zake inaeleza njia ya pwani yetu mpaka Sofala, alipima kwa vidole. Nyota ya Jahi, ile ya ncha ya kaskazini, inapozama machoni kwa jahazi linaloelekea kusini ya ikweta, anahamia kwenye nyota za Farkadani na Naashi. Nyota zinabadilika. Haja ya kuuona upeo wa bahari haibadiliki.

Mpaka wa tatu, digrii 18, ni wa wanafalaki. Hapo hewa haina tena mwanga wa jua wa kumpa mtu, na nyota hafifu kabisa zinajitokeza. Namba hii ni ya zamani na imetufikia hasa kupitia wataalamu wa Kiislamu waliokuwa wakitafuta nyakati za sala. Al-Biruni aliitaja karne ya 11. Katika karne hiyohiyo, huko Jaén katika Andalusia, kadhi na mwanahisabati aitwaye Ibn Mu'adh alitumia namba iliyo jirani nayo, digrii 19, kufanya jambo ambalo bado linanistaajabisha. Alipima kimo cha angahewa bila kuinuka alipokaa.

Hoja yake ni hii. Chembe ya mwisho ya mwanga inayoonekana kwenye upeo wa magharibi imetoka kwenye hewa ya juu kabisa inayoweza kuupokea mwanga wa jua. Mwale uliofika hapo uliigusa Dunia kwa shida mahali fulani kati yetu na jua, katikati kabisa. Kama jua liko digrii 18 chini, basi pembe iliyo kati yetu na mahali pale ni nusu yake, digrii 9. Tufanye hesabu kwa vipimo vya leo. Nusu kipenyo cha Dunia ni kilomita 6,371. Gawanya kwa kosaini ya digrii 9, ambayo ni 0.9877, upate kama 6,450. Toa 6,371. Zinabaki kilomita 79. Ibn Mu'adh, kwa vipimo vya zama zake, alipata maili zaidi kidogo ya 50. Leo tunajua hewa haina dari, inapungua tu kadiri unavyopanda, lakini kimo hicho ndicho kwa kweli ambacho juu yake imekuwa nyepesi mno kuweza kuwaka machoni petu. Risala yake ilitafsiriwa kwa Kilatini na ikasomwa Ulaya kwa karne nyingi kwa jina la mtu mwingine, Ibn al-Haytham. Ni mwaka 1967 tu mwanahistoria A. I. Sabra alipoirudisha kwa mwenyewe.

Kilichomo hewani nacho kina neno lake. Tarehe 27 Agosti 1883 volkano ya Krakatau, kati ya Java na Sumatra, ililipuka na kurusha vumbi na gesi juu sana. Wekundu wa jioni ulizunguka dunia. Novemba ile, huko Poughkeepsie na New Haven nchini Marekani, wazima moto waliitwa wakauzime moto ambao ulikuwa ni machweo. Kando ya mto Thames mchoraji William Ascroft alichora mamia ya picha za anga, jioni baada ya jioni, ili rangi zisipotee.

Nimeuweka mpaka wa fakihi mwisho kwa sababu ndio unaotugusa wengi kila siku, na ndio wenye mvutano ulio hai. Wakati wa Magharibi unakwisha na Isha unaingia pale shafaki, mabaki ya mwanga wa jua upande wa magharibi, inapotoweka. Shafaki ipi? Wanachuoni wa Kishafii, ambao ndio wengi katika pwani yetu, wanasema ni ule wekundu. Imamu Abu Hanifa alisema ni weupe unaobaki baada ya wekundu kwenda. Wanafunzi wake wawili wakubwa, Abu Yusuf na Muhammad al-Shaybani, wakawa upande wa wekundu. Kwetu tofauti hiyo ni dakika kumi na kitu, na misikiti jirani inaweza kuishi nayo kwa amani. Lakini ndugu zetu waliohamia London au Leicester wamekutana na anga ambalo halikuwamo katika masuala ya babu zetu. Kaskazini ya digrii 48 na nusu kuna usiku wa Juni ambao jua halifiki digrii 18 hata kidogo. London hali hiyo inaendelea tangu mwisho wa Mei mpaka baada ya katikati ya Julai: weupe wa magharibi unatambaa ukingoni mwa kaskazini na kugeuka kuwa alfajiri bila kuzimika. Wapo wanaokusanya Magharibi na Isha. Wapo wanaogawa usiku mafungu saba. Wapo wanaofuata siku ya mwisho ambayo alama ilionekana. Katika mji mmoja utakuta ratiba tatu zimebandikwa katika milango mitatu, kila moja na hoja yake ya kuheshimika.

Alfajiri ina ugumu wake. Aya ya Sura ya al-Baqara inayotaja uzi mweupe na uzi mweusi, Swahaba Adi ibn Hatim aliichukua kwa dhahiri yake, akaweka nyuzi mbili chini ya mto na kuzitazama usiku, mpaka Mtume alipomfahamisha kwamba ni weusi wa usiku na weupe wa mchana. Wanachuoni wakatenga alfajiri mbili. Ya kweli hutanda kwa mapana juu ya upeo. Ya uongo husimama wima, imechongoka, ikafananishwa na mkia wa mbwa mwitu, kisha hutoweka. Hiyo ya uongo haitoki hewani kabisa. Ni mwanga wa jua uliotawanywa na vumbi lililotanda angani baina ya sayari. Brian May, mpiga gitaa wa bendi ya Queen, ile ya Freddie Mercury aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1946, alianza kulichunguza vumbi hilo kwa ajili ya shahada ya uzamivu miaka ya 1970, akaacha kwa sababu ya muziki, na akaimaliza mwaka 2007.

Leo kalenda nyingi hazitazami anga; zinatazama digrii. Kipimo kinachotumika sana Misri kinaweka alfajiri kwenye digrii 19.5, cha Muslim World League kwenye 18, kingine cha Amerika ya Kaskazini kwenye 15. Karibu na ikweta kila digrii ni dakika nne na kitu. Hivyo watu wawili wa nyumba moja, mwezi wa Ramadhani, simu zao zikiwa na programu zilizopangwa tofauti, wanaweza kutofautiana dakika 18 juu ya lini waache kula daku. Wakibishana, wanabishana kuhusu mpangilio wa simu. Jibu liko nje, na jijini halionekani kwa sababu taa za barabara zimelifunika.

Wakati mzuri wa kulitafuta ni kumi la kwanza la Ramadhani, maana siku hizo mwezi umeshatua kabla ya daku na watu wako macho. Toka uende mahali pa giza penye bahari upande wa mashariki: Jambiani, Kilwa, Watamu, kokote kusiko na taa mbele. Fika saa mbili kabla ya jua kuchomoza, kaa gizani dakika ishirini bila kufungua simu ili macho yazoee. Mwanga uliosimama wima, ukiinama kidogo, ndiyo ile alfajiri ya uongo. Katika nchi zetu za ikweta unasimama vizuri kuliko Ulaya. Usubiri. Karibu saa moja na robo kabla ya jua, chini yake, weupe mwingine utaanza kujinyoosha kwa mapana, kusini na kaskazini. Andika saa uliyokuwa na hakika nayo, fanya hivyo asubuhi kadhaa ukiwa na wenzako wawili watatu wasioambizana, kisha linganisheni na kalenda ya msikiti wenu.